Kiputo Kilichokimbilia Uani

Jumatatu, 13 Aprili
Nimepanda tena juu ya paa kabla ya chai. Vihisi vyote vya mtambo wangu wa hali ya hewa vinasoma. Kioo cha kusomea vipimo, kilichopo chumbani kwangu ghorofa ya kwanza, kinapokea joto, upepo na mgandamizo wa hewa bila waya wowote. Mvua bado sufuri. Masika yamechelewa.

Mlingoti nimeusimika katika ndoo ya rangi iliyojaa mchanga, kwa sababu mwenye nyumba, Mama Hansa, hataki paa lake litobolewe. Mchanga nimepewa na Shangazi Mwanahawa, kutoka katika viroba vilivyopangwa nyuma ya fremu yake, duka la vitenge hapo chini. Nilimuuliza viroba vyote hivyo ni vya nini. "Mchanga ni mchanga, baba. Chukua."

Usaili wa kazi ni tarehe 29. Kampuni iliyoniita huwauzia wakulima taarifa za hali ya hewa. Wenzangu watakwenda na vyeti. Mimi nitakwenda na vyeti pamoja na vipimo vyangu mwenyewe vya Kariakoo, visivyo na dosari.

Alhamisi, 16 Aprili
Dosari. Juu ya kipimamvua kuna pimamaji ndogo ya duara. Kiputo chake cha hewa hupaswa kutulia katikati. Leo kimesogea upande wa uani. Ni uzembe wangu. Mchanga haukushindiliwa vizuri. Nimechomeka kipande cha kigae chini ya ndoo.

Jambo hili si dogo. Ndani ya chombo kuna kikombe kinachocheza kama bembea: kikijaa kinapinduka, na kila kupinduka kunahesabiwa. Chombo kikiinama kidogo, kipimo kinadanganya. Kikiinama sana, kikombe hakipinduki kabisa, na kioo kitaandika sufuri hata mji ukizama.

Jumapili, 19 Aprili
Kiputo kimekwenda uani tena. Kigae cha pili. Nimeona aibu, ingawa hakuna aliyeniona.

Fremu ya Shangazi imefungwa, lakini ndani kuna mtu anapigapiga chini. Chai ilitetemeka kikombeni. Shangazi anasema anarekebisha sakafu.

Jumanne, 21 Aprili
Nilimwaga mchanga wote, nikaujaza upya, nikaushindilia kwa mchi. Kiputo kikakimbilia uani vilevile. Kigae cha tatu.

Mama Hansa alikuja kuanika nguo. Nikamwamkia. "Marahaba. Wewe mtabiri, mvua lini? Nguo zangu zinangoja jibu lako." Tukacheka. Kisha akalalamika kwamba mlango wake unajifungua wenyewe siku hizi, na kwamba taa anayowasha kila alfajiri mbele ya miungu yake inamchosha: mafuta yanajikusanya upande mmoja wa kisahani, utambi unakauka. Nikamuuliza ni upande gani. Akasema wa barabarani.

Nilicheka tena, kwa adabu. Sikukipenda kicheko changu.

Ijumaa, 24 Aprili
Nimetengeneza timazi: uzi na kufuli, nikaining'iniza ngazini kutoka juu hadi chini. Ndoo haina kosa. Nyumba ndiyo inayoinama, kuelekea barabarani; kiputo hukimbilia upande ulio juu.

Nilishuka moja kwa moja hadi fremuni. Nyuma ya marobota ya vitenge kuna shimo, na ngazi ya mbao, na vijana wawili wenye sululu. Stoo ya chini. Wamechimba hadi wakapita kitako cha nguzo ya mbele. Nguzo imebaki wazi, na mchanga unachuruzika chini yake kama sukari kwenye mfuko uliotoboka. Ni mchanga uleule. Nimeubeba mwenyewe hadi juu ya paa, kisha nikawa nakisahihisha kiputo kwa vigae.

Nilimwambia Shangazi asimamishe kazi na amweleze Mama Hansa. Akaendelea kukunja kitenge.

"Mtaa mzima una stoo za chini. Nyumba ngapi zimeanguka?"

Nikamwonyesha ile nguzo.

"Nikifungiwa fremu, nirudi Lindi kuuza nini? Na wewe, nani kakusomesha? Hako kamtambo kako?"

Nililia ngazini. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Jumamosi, 25 Aprili
Sikumwambia mtu. Ni woga, hakuna jina jingine.

Kiputo kimetoka nje ya duara. Sikukigusa. Mgandamizo wa hewa unashuka tangu asubuhi, na mawingu yametanda kutoka baharini. Siku zote nilikuwa nikiisubiri mvua hii. Sasa nawaza maji yakiingia katika lile shimo, chini ya ile nguzo.

Wajukuu wa Mama Hansa wamekuja kumtembelea. Nasikia miguu yao ikikimbia juu ya dari yangu.

Jumapili, 26 Aprili
Nimemwambia Mama Hansa. Hakupiga kelele. Aliitazama taa yake, akavaa ndara, akaenda ofisi ya serikali ya mtaa kumtafuta mwenyekiti. Kabla ya adhuhuri wapangaji wote walikuwa barabarani na magodoro. Utepe umefungwa, mlinzi amewekwa. Nilitoka na kioo tu. Mlingoti umebaki juu.

Shangazi alisema mbele ya watu, kwa sauti ya kawaida: "Huyu ndiye niliyemlea." Kisha akanipa mgongo.

Nalala Magomeni kwa rafiki. Huku kioo hakipokei chochote.

Jumatano, 29 Aprili
Usaili umefanyika. Waliuliza kwa nini vipimo vinaishia Jumapili. Nikajibu kwamba nilihama. Wakaandika kitu.

Mchana nilipita Kariakoo. Mvua ilianza nikiwa Mnazi Mmoja, mvua nzito. Shangazi alikuwa amesimama chini ya kibaraza kilichoikabili nyumba, ufunguo wa fremu mkononi. Mlinzi alikuwa amekwenda kujikinga. Marobota ya Shangazi bado yamo ndani, na nilijua anachongojea.

"Shikamoo Shangazi."

Hakuitikia.

Nikakitoa kioo begini. Kutoka hapo kiliweza kupokea. Joto limeshuka. Upepo upo. Tulisimama. Maji yalikuwa yanapita juu ya viatu vyetu.

"Kinasemaje?" akauliza, bila kunitazama.

"Mvua sufuri."

Akaitazama mvua. Nikamweleza habari za kikombe: kwamba hakipinduki tena, kwamba kona ile ya paa imekwisha kushuka kiasi hicho. Akaangalia juu, kwenye mlingoti, kwa muda mrefu. Kutoka chini mtu haoni kitu.

Akaufunga ufunguo kwenye pindo la kanga.

"Marahaba," akasema.

Tumengoja hapo mpaka jioni. Sufuri haikubadilika.