L ao R?

Jumatatu, 14 Januari 2002

Laurent amepanda cheo! Waasi walioshika mji wamekubali awe mkuu wa ndege zote za hapa. Ameingia ofisini na kravati mpya shingoni, akaninyang'anya mike ya redio ya ndege kama kawaida yake. Nikamwomba ataje herufi za ndege kwa majina yake — Lima, Romeo — si L na R tupu. Akacheka. Ati, "Mama Joyeuse, Alpha na Bravo ni mambo ya batoto ya masomo. Pilote wa kweli anasikia tu."

Anasikia tu! Ananiambia mimi, mjane wa Wenceslas!

Sisi wa Masisi, mimi na Laurent, L na R ni mapacha mdomoni. Mwezi wa nane, nikiwa nimekaa kando yake, alisema redioni: L ashuke, R angoje. Ndege zetu mbili zilikuwa kwenye mawingu. Mume wangu alikuwa rubani wa Romeo. Akasikia R. Akashuka, akaukuta mlima.

Kisha Laurent akaapa mbele ya wakubwa kwamba alitamka Lima vizuri, na kwamba marehemu alikuwa amekunywa. Tangu hapo wanangu wanaitwa watoto wa mlevi. Nilieleza nilichosikia, wakaniona mjane anayelia tu. Ulimi hauna mfupa. Wa Laurent nitautafutia.

Alhamisi, 17 Januari

Volkano! Moto umetoka juu ya Kibati, unashuka mjini. Tunakimbilia Gisenyi, watoto, sufuria moja, blanketi. Laurent? Tangu juzi yuko Kisangani, analala kitandani. Hata volkano inamkosa!

Jumatatu, 21 Januari

Tumerudi. Nyumba yetu ya Ndosho imesimama, asante Mungu. Katikati ya mji ni mawe meusi, bado yanafuka. Lava imekula kichwa cha uwanja wa ndege, lakini kipande kilichobaki kinatosha ndege ndogo kama zetu. Tour de contrôle, ule mnara wa kuongozea ndege, haina umeme. Redio ya kampuni yetu inakula betri ya gari, kwa hiyo wakubwa wamesema niongoze mimi. Mimi, yule aliyekuwa analia tu!

Watu wanakatiza uwanjani na magodoro kichwani. Moshi unafunika kila kitu. Bila sauti yangu hakuna anayetua.

Kesho Laurent anarudi. Rubani wetu Ferdinand atamleta, kwa ndege ya Lima. Siku ya nyani kufa, miti yote huteleza. Nimecheka peke yangu, na sikuona haya.

Jumanne, 22 Januari

Naandika mike ikiwa mkononi. Lima inazunguka juu ya ziwa. Ferdinand ameomba kutua, nikamwambia angoje, kuna watu uwanjani. Ilikuwa kweli. Laurent akamnyang'anya mike.

"L hapa! Tuko tunashuka!"

Nikamjibu sikusikia vizuri. Ni L ao R?

"R haiko tena, mama! R ilikufa!"

"Ndiyo, Papa Laurent. Ni nani aliiua?"

Marubani wote wako kwenye frequency hii. Hata wakubwa, nyumbani kwao Himbi, wana redio, wanasikia.

Nikamwambia: taja rubani ambaye hakunywa. Herufi kwa herufi, kama batoto ya masomo.

Amenitukana. Amenibembeleza. Sasa ameanza. Whiskey — neno lile lile alilomzikia mume wangu. Naziandika herufi za jina la Wenceslas anavyozitoa. Echo. November. Charlie. Echo. Sierra.

Ferdinand anaita kwa nyuma: "Mama, essence inaisha! Mafuta, Mama!" Ferdinand, aliyebeba jeneza la Wenceslas begani.

Wa mwisho mwenye godoro ameshavuka. Uwanja ni mweupe, hauna mtu. Ninaona mimi tu.

"L," anasema Laurent.

L tupu! Hata leo!

Kidole changu kiko kwenye kitufe cha mike.

"Sikusikia, Papa Laurent. L ao R?"