Mke Wangu na Shamba la Mkumbi

Mapera, Jumanne jioni

Kwako daftari langu, salaam. Dhumuni la kuandika ni kueleza jambo lililonichoma leo.

Katika darasa la Kiingereza la watu wazima hapa parokiani, mwalimu alituagiza tutunge sentensi kwa "give up", yaani kuacha kabisa. Mzee Hamisi wa duka alisema ameacha sukari. "Kwa amri ya daktari au ya mama watoto?" mwalimu akamchokoza, tukacheka.

Kisha mke wangu Kandida akasimama: "I give up the farm in Mkumbi." Yaani analiacha kabisa shamba letu la Mkumbi.

Jirani alimega nusu ya shamba hilo. Barua zangu zote za malalamiko kwa ofisi ya kijiji hazijajibiwa. Katika nusu iliyobaki nimekwisha kufyeka nyasi na kuzipanga miraba, nikimngoja yeye azifukie kwa udongo, kwani kuchimba ngoro, yale mashimo ya katikati ya miraba ambayo udongo wake hufukia nyasi tupande maharage juu yake, ni kazi ya wanawake. Alipokawia nilidhani anaumwa mgongo. Kumbe.

Njiani kurudi nyumbani nilimwuliza kama ni kweli. "Baba Osmundi, wewe andika tu. Jembe langu nimempa dada yangu, ameshashuka nalo kwake Mbaha, kule ziwani."

Bila ngoro hatuna maharage mwaka huu.

Mke wangu mpendwa, kwa heshima na taadhima naomba uamuzi wako: utabaki nami, au utalifuata jembe lako?