Breki ya Yaya Masika

Mama Kavira, nakusalimia kutoka Bungulu, ambako mvua haijaniachia hata soksi moja kavu.

Yaya Masika, dada yako mukubwa, hajapata usingizi tangu masasi ya bunduki ya juma lililopita. Leo infirmière, muuguzi wa hapa, alimuletea kidonge cha usingizi, valium, akanieleza: “Bongo ya kichwa iko na breki yake. Kidonge hakileti ingine, kinasaidia ile ikamate vizuri.” Donc mimi, fundi wa kila kitu, nikamumiminia yaya kasikisi uliyonipa, ile pombe ya ndizi, amezee, maana kwetu mugonjwa anasalimiwa na kikombe. Infirmière akanishika mukono. “Hapana, Papa. Pombe inakamata breki ileile. Zikiwa mbili, hata pumzi inaweza kusimama.”

Yaya akameza na maji. Sasa nimekaa karibu yake, nasikiliza. Anakoroma kama wewe, na kwa mara ya kwanza silalamiki. Mungu akulinde, ukorome salama mpaka nirudi.