Kunawa Mbele ya Mgeni

Mdogo wangu Mwakio,

Niwie radhi kwa kunyamaza muda mrefu. Simu zako niliziona, ila jambo uliloniuliza si la kujibiwa kwa simu. Natumai hamjambo huko milimani, na kwamba mama anapata usingizi angalau kidogo. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio mzito.

Umeniuliza kama umlete mama Mombasa apasuliwe nyonga. Unaona ni bahati kwamba mimi ndiye sista mkuu wa wodi atakayolazwa. Kabla sijakujibu, nikueleze wodi hiyo ilivyo.

Mwezi uliopita tulimlaza Maalim Athumani wa Mji wa Kale, mzee aliyevunjika nyonga kama mama. Upasuaji ulikwenda vizuri. Kisha wakaja wageni: wanafunzi wake wa zamani, majirani, jamaa. Kila mmoja alimbusu mkono, akamwekea kiganja pajini na kumwombea dua, kisha akawapa mkono wagonjwa wa vitanda vya jirani, kwani kumpita mgonjwa bila kumsalimu ni utovu wa adabu. Mwishoni mkewe, Bi Zuhura, akanipa mkono nami. Nikaenda kunawa.

"Jamani, sista!" akasema. "Unanawa kwa kuwa umenishika mimi? Nina ukoma?"

"Sivyo, Bi Zuhura. Ni kwa ajili ya vidonda vya wagonjwa."

"Basi ungengoja nitoke. Mimi hupeana mkono na muuza samaki, na sinawi mbele yake!"

Wodi nzima ikacheka. Tangu siku hiyo manesi vijana hunawa kwa kujificha, na pasipo pa kujificha hawanawi. Daktari wetu mkubwa naye hutoka kitanda hadi kitanda bila kunawa. Nilimwambia, "Daktari, mikono." Akanijibu, "Sista, umeanza lini kunifundisha kazi?" Hakuna aliyethubutu tena. Ni mtu mzima, na mtu mzima hakosolewi mbele za watu.

Usidhani ni watu wa pwani peke yao. Ndugu zetu wa milimani nao huja kuomba huku wote wamemshika mgonjwa, na nikiwazuia huniambia nimesahau nilikotoka.

Mshono wa Maalim ulianza kutoa usaha, kisha wa mgonjwa wa kitanda cha pili. Wiki iliyopita Maalim alifariki. Bi Zuhura alinipa mkono akilia, akaushikilia. Mara yule mgonjwa wa pili akaniita nimfunge kidonda chake. Sinki ilikuwa hapo hapo, na mjane ananitazama. Sikunawa, Mwakio. Mimi, ninayewagombeza wote.

Sasa mfikirie mama. Unamjua: hampiti mtu bila kumpa mkono, na nikimkataza atasema nimemwaibisha. Akibaki huko hatasimama tena, na vidonda vya mgongoni vitammaliza polepole. Akija, atalala katika kitanda alichokiacha Maalim, kwani hakuna kingine. Nimeulizia wodi nyingine. Hali ni ile ile.

Nisalimie mkeo, anayemgeuza mama kitandani bila kunung'unika, na shangazi yetu anayempikia uji. Mama mwambie namkumbuka. Haya mengine usimwambie. Usikodi gari kwa sasa. Nikishaamua, nitakuandikia.

Dada yako,
Mghoi