Vijiko Viwili vya Maji ya Tangi

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla wifi yangu hajajifungua, maana mdomo wangu umeniponza. Ninafanya kazi kwenye maabara ya samaki, nalea vifaranga ambao bado si madume wala majike, na ndani ya miili yao kuna molekuli ndogondogo za RNA, sisi kazini tunaziita vinyamazishi, zinainyamazisha jeni hii ili ile isikike, na hapo samaki anaelekea huku au kule, nami jua la asubuhi likipenya kwenye matangi nawaona waking'aa kama kucha za mtoto mchanga, najisahau kabisa, ni kama nasikia wananong'onezana. Siku mama mkwe aliponiletea funguo nilizosahau nyumbani alinikuta hivyo, akauliza, "Mwanangu, unasikiliza nini?" nami nikiwa bado ndotoni nikamjibu, "Mama, humu ndimo munamoamuliwa nani awe dume." Akateka maji ya tangi kwa chupa yake, nikadhani ni ya kumwagilia maua. Kumbe wifi, mwenye mabinti wanne na mimba ya miezi minane, kila asubuhi anapewa vijiko viwili vya maji hayo ili azae wa kiume, na mama mkwe, ambaye miaka sita hakunitaka, sasa ananivutia kiti karibu yake, nyumba imekuwa tamu, nami nashindwa kusema.

Mama wa Samaki

Mama wa Samaki, barua yako ilinilewesha hadi nikasahau kukukasirikia. Sasa nimekumbuka. Mjamzito anakunywa maji wanamojisaidia samaki, wewe unanisimulia jua? Vinyamazishi vinafanya kazi ndani ya mwili wa samaki. Kwenye chupa ile hamna kitu ila uchafu. Na mtoto wa wifi yako alikwisha kuwa wa kike au wa kiume tangu siku mimba ilipotunga. Unalijua hilo kuliko mimi.

Pole, dada. Miaka sita ya kununiwa si mchezo, na kiti hicho kitamu. Ila kimewekewa chupa, si wewe.

Leo hii kaimwage. Mpeleke wifi kliniki, umweleze mkunga alichokunywa, usifiche. Kisha mrudishe mama mkwe kwenye tangi, umweleze upya, safari hii ukiwa macho. Akinuna, mwache anune. Na akizaliwa binti wa tano, uwe wa kwanza kupiga vigelegele, visikike hadi barabarani. Kunyamazisha waachie samaki.