Kumjazia Mafuta Aliye Angani

Kwako Baba Rukia,

Juzi mjukuu wako alinionyesha kwenye simu yake setilaiti moja ikiifuata nyingine angani, ikaisogelea, ikaishika, kisha ikaipa mafuta ya kuendelea na safari. Akashangaa kuniona nalia. Nikamwambia ni macho tu, uzee. Lakini wewe unastahili ukweli, hata kama umeshatangulia kaburini.

Unaikumbuka nyumba yetu ya Changamwe, miaka michache kabla ya uhuru? Ulikuwa ukijaza ndege mafuta kiwanjani, ukirudi jioni koti linanuka petroli. Kisha ukaanza kuchelewa. Ukila, umenyamaza. Nikiuliza kuna nini, wasema, "Hamna kitu." Uliponijibu hivyo mara ya tatu, nikaanza kukupekua mifuko.

Ndipo nikaipata ile karatasi, kwa khati yako mwenyewe: "Yeye hawezi kushuka. Mimi ndiye wa kumfuata. Nisimwendee kwa kasi. Nikimgusa vibaya ataniponyoka. Nikishamshika nimpe anachohitaji, kisha nimwache aende zake."

Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa chini. Asubuhi nikamchukua Rukia, nikavuka kwa feri hadi kwa mama, Likoni.

Ulitufuata Ijumaa baada ya sala. Ukamwamkia mama, "Shikamoo," ukatandaza karatasi zako zote mkekani. Ilikuwa michoro: vyombo viwili vimeunganishwa kwa mpira wa mafuta. Ukasema hizo ni setilaiti, zile zilizoanza kurushwa na mataifa makubwa, na kwamba jioni ulikuwa kwa mwalimu mmoja wa shule, akikusomea habari za setilaiti hizo kwenye magazeti ya Kiingereza. Ikiishiwa mafuta, ukasema, inaachwa huko huko kama takataka. Wewe ulikuwa ukitafuta namna ya kuipelekea.

"Mbona umeiandika kama mtu?" nikauliza.

"Naionea huruma."

Ukaanza kumweleza mama kwamba ndege haijazwi kabla ya kufungwa waya unaoshuka ardhini, cheche isije ikaruka. "Na kule juu, mama, hakuna ardhi. Huo waya nitaufunga wapi?"

Mama akacheka mpaka akashika mbavu. "Mwanangu, rudi kwako. Wallahi, huyu angekuwa anakudanganya, angetafuta uongo unaoingia akilini."

Nilirudi. Lakini sikukuamini. Wiki ile ile nilivaa buibui nikaenda hadi lango la kiwanja, nikamuuliza msimamizi wenu Mzungu, karani wake akitafsiri, kama kuna mwanamke anayekuja kukutafuta. Akasema hapana. Nami nikatoa mchoro mmoja niliokuwa nimeuficha.

"Basi hii ni nini?"

Hakuuona nilivyouona mimi. Aliona matangi na mipira. Aliona mtu mweusi anayechora mambo ya mafuta kwa siri, katika miaka ambayo walitushuku hata tukisalimiana. Akaukunja, akautia mfukoni.

Siku mbili baadaye ulirudi adhuhuri, chakula chako hukukigusa.

"Wamenifukuza," ukasema. "Waniuliza nani aliyenituma. Sijui mchoro wangu umewafikiaje."

Nikakumiminia maji ya kunawa. "Labda ni mtu wa kazini," nikasema.

"Labda," ukajibu, ukanitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Ukaenda kubeba magunia bandarini mpaka mgongo ukakataa. Hukuchora tena. Uhuru ukaja, watu wakakwambia urudi kiwanjani ukaombe kazi yako, ukasema umeshazoea. Na mimi, niliyekupeleleza kwa ajili ya mwanamke asiyekuwapo, nikaishi miaka yote iliyobaki nikikupeleleza usoni kama unajua. Ukinyamaza, naona unajua. Ukicheka na Rukia, naona hujui. Mpaka unazikwa sikupata jibu.

Ni mimi, Baba Rukia. Kama ulijua ukanisitiri, nisamehe. Kama hukujua, sasa umejua.

Mkeo,
Mama Rukia