Daftari la Mikimbio

Dada Mueni,

Nakusihi, haya yaishie kwako. Hata madam wako huko Riyadh asiyasikie. Jana nilimwambia bosi naumwa, kumbe niko mtaa wa Bani Malik natazama kwenye runinga siku ya tano ya mechi ya kriketi, Pakistan na Bangladesh. Picha iliganda kila mara, ikabaki sauti tu, basi mashabiki wa timu zote mbili wakanipa mimi Mkenya daftari la kuandikia mikimbio, yaani alama za kriketi, kwa kuwa sina upande. Mpigaji wa mwisho wa Bangladesh alipopata mkimbio wa ushindi, Wapakistani wakafoka, "Karani, hesabu tena!" Nikahesabu upya kwa sauti, mstari kwa mstari, jibu likawa lile lile.

"Halas, yameisha," mzee wao akasema. "Huyu haongopi."

Wakanibeba juu, dada, pande zote mbili! Ila kuna aliyerekodi, na video imesambaa; bosi akiiona, ikama yangu, kibali cha kuishi huku, haitaongezwa. Usinipigie ofisini. Mpigie Hashim kinyozi, umuulize Karani. Mtaa mzima sasa unanijua kwa jina hilo.

Nduguyo,
Zephania